Lupasi inaposhambulia ugwe wa mgongo: Saa chache kati ya kutembea na kupooza

KATI ya madhara yote yanayoweza kuletwa na ugonjwa wa lupasi, ni machache yanayowatia madaktari hofu kama mchochota wa ugwe wa mgongo. Mgonjwa aliyelala usiku akiwa na homa kiasi na mkojo unaotoka kwa shida anaweza kuamka alfajiri akiwa hana uwezo wa kuinua mguu kutoka kitandani. Wengi wa wanaopatwa na balaa hili ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na baadhi yao hawajawahi kuambiwa hata siku moja kwamba wana lupasi.

Tatizo lenyewe si la kila siku. Makadirio ya wataalamu yanaonyesha kuwa huwapata kati ya mtu mmoja na wawili katika kila wagonjwa 100 wa lupasi. Hata hivyo, uchache huo si faraja kwa aliyepatwa, kwani kuchelewa kwa siku moja au mbili kabla ya kuanza matibabu kunaweza kumfanya mtu aliyekuwa akitembea abaki kwenye kiti cha magurudumu maisha yake yote.

Ni vyema kwanza jina lisichanganye. Watu wanaposikia habari za ugonjwa wa mgongo unaoambatana na homa, hukumbuka mara moja homa ya uti wa mgongo, ambayo ni maambukizi ya utando unaoufunika ubongo na ugwe. Mchochota unaozungumziwa hapa, ambao kitaalamu huitwa mielitisi, ni wa ugwe wenyewe. Katika lupasi hausababishwi na kijidudu chochote, wala mtu hawezi kumwambukiza mwenzake.

Kinga inapomgeukia mwenyewe

Lupasi ni ugonjwa unaotokana na mfumo wa kinga ya mwili kupoteza uwezo wa kutofautisha kati ya adui na mwenyeji. Kinga ambayo kazi yake ni kupambana na bakteria na virusi huanza kutengeneza kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe. Kwa kuwa kila kiungo kina seli, hakuna kiungo kilicho salama: ngozi, maungio, figo, moyo, mapafu, damu na ubongo vyote vinaweza kuguswa. Ndiyo sababu ugonjwa huu huhesabiwa miongoni mwa magonjwa ya mchochota yanayoenea mwili mzima.

Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake. Nchini Marekani, ambako wagonjwa wamehesabiwa kwa uangalifu katika majimbo ya Georgia na Michigan, imeonekana kuwa wanawake weusi hupata lupasi mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake weupe, na huupata wakiwa na umri mdogo zaidi. Wasomaji wengi watakuwa wamelisikia jina la ugonjwa huu kupitia mwimbaji Selena Gomez, aliyetangaza mwaka 2015 kuwa anaugua lupasi, na mwaka 2017 akaeleza kwamba alikuwa amepandikizwa figo.

Dalili zinazojulikana zaidi ni uchovu usioisha, maungio kuuma na kuvimba, nywele kunyonyoka, vidonda vya mdomoni visivyouma, na vipele vyekundu vinavyotandaa juu ya mashavu na pua kwa umbo la kipepeo. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au baka la rangi ya zambarau, jambo linalowafanya wengi wadhani ni madhara ya vipodozi au jua.

Mwaka 1999 Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Baridi Yabisi kilitoa orodha ya hali 19 za ubongo, neva na akili zinazoweza kusababishwa na lupasi. Kuharibika kwa ugwe wa mgongo ni mojawapo. Tofauti na madhara ya figo, ambayo hupimwa kwa mkojo na damu kila mgonjwa anapohudhuria kliniki, dhara hili halina kipimo cha kulitabiri. Mara nyingi hutokea katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, na wakati mwingine ndilo linaloufungua mlango, mgonjwa akiwa hajawahi kuonyesha dalili nyingine yoyote.

Ugwe wa mgongo ni kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo ikiwa ndani ya mfereji wa mifupa ya mgongo. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimeta 45 hivi, na unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Kutoka kwake hutokea jozi 31 za neva zinazokwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni, na kwenye kibofu na njia ya haja kubwa. Amri zote za kutembea hupita humo zikishuka, na habari zote za maumivu, joto na mguso hupita humo zikipanda. Kwa sababu njia hizo zimebanana katika nafasi ndogo kiasi hicho, uvimbe ambao kwenye goti ungemsumbua mtu kwa wiki moja tu, ukitokea ndani ya ugwe unaweza kukata mawasiliano ya nusu nzima ya mwili.

Namna lupasi inavyoufikia ugwe si moja. Kwa baadhi ya wagonjwa kuta za mishipa midogo ya damu inayoulisha ugwe huvimba na kuziba. Wengine wana kingamwili dhidi ya fosfolipidi, ambazo huifanya damu igande kwa urahisi. Hao ndio pia wenye hatari kubwa ya kiharusi na ya mimba kuharibika mara kwa mara. Kundi la tatu wana kingamwili zinazoshambulia akwaporini-4, protini inayopitisha maji kwenye seli za mfumo wa neva. Kingamwili hizo zilitambuliwa na watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani mwaka 2004, na mwaka uliofuata wakaeleza shabaha yake. Mgonjwa mwenye kingamwili hizo anaweza kupoteza uwezo wa kuona sawia na ule wa kutembea, kwa kuwa neva za macho nazo hushambuliwa.

Aina mbili, mwendo tofauti

Mwaka 2009 madaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 22 wa lupasi waliopata mielitisi. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kwa ugonjwa adimu kama huu ni hazina. Waligundua kuwa wagonjwa hao waligawanyika katika makundi mawili ya watu 11 kila moja.

Kundi la kwanza lilishambuliwa katika sehemu ya kati ya ugwe, yenye rangi ya kijivu, ambako ndiko viliko viini vya seli za neva. Miguu ya wagonjwa hao ililegea kabisa kama kitambaa kilicholowa, na daktari alipogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo mguu haukuruka. Hali yao iliporomoka ndani ya saa chache. Kundi la pili lilishambuliwa katika sehemu ya nje, yenye rangi nyeupe, ambayo ni nyaya ndefu zinazopandisha na kushusha ujumbe. Miguu yao ilikakamaa badala ya kulegea, na udhaifu uliongezeka polepole kwa siku kadhaa. Wengi wa wagonjwa wa kundi la kwanza hawakurudi kutembea hata baada ya kupewa dawa kali, ilhali wa kundi la pili walipata nafuu iliyo bora zaidi, ingawa ugonjwa uliwarudia mara nyingi.

Jambo lenye uzito mkubwa zaidi katika uchunguzi huo ni yale yaliyotangulia kupooza. Wagonjwa wa kundi la kwanza walipata homa na mkojo kuziba kabla miguu haijaishiwa nguvu, na dalili hizo zilichukuliwa kuwa ni maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo. Hata maji ya uti wa mgongo yalipotolewa kwa sindano na kupimwa, yalifanana na ya mtu mwenye homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na bakteria.

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaweza kukisia yanayofuata. Mwanamke kijana mwenye homa na shida ya kukojoa anapofika kwenye zahanati ya mtaani, hupimwa malaria, hupimwa mkojo, huambiwa ana UTI, naye hurudi nyumbani na vidonge vya wiki moja. Katika wagonjwa wengi wenye malalamiko hayo, jibu hilo ni sahihi. Kosa hutokea pale ambapo hakuna anayeuliza swali moja la ziada: je, mkojo unauma unapotoka, au hautoki kabisa? Mwenye maambukizi huhisi haja kila mara na kukojoa kidogo kidogo kwa maumivu. Mwenye ugwe ulioanza kuvimba hana haja, tumbo lake la chini linajaa na kuwa gumu, na siku nzima inaweza kupita bila tone.

Dalili nyingine za mwanzo ni maumivu ya ghafla ya mgongo au katikati ya mabega, ganzi inayoanzia nyayoni na kupanda juu, hisia ya kubanwa kifuani au tumboni kana kwamba mtu amefungwa mkanda, na mshtuko kama wa umeme unaoteremka mgongoni anapoinamisha kichwa. Mara nyingi ganzi hiyo huwa na mpaka ulio wazi: juu ya kitovu, kwa mfano, mgonjwa anahisi mguso wa pamba, na chini yake hahisi kitu.

Magonjwa yanayofanana nao

Miguu inapopooza ghafla, daktari wa Afrika Mashariki ana sababu ya kufikiria magonjwa mengine kabla ya lupasi. Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, bado kinawapooza watu wengi, ingawa huchukua wiki au miezi na huacha kibyongo kinachoonekana kwa macho na kwenye picha ya eksirei. Mayai ya minyoo ya kichocho yanaweza kukwama kwenye ncha ya chini ya ugwe na kuleta mkojo kuziba na miguu dhaifu, hasa kwa vijana wanaooga au kuvua katika Ziwa Victoria. Virusi vya UKIMWI, saratani iliyosambaa hadi mifupani na upungufu wa vitamini B12 navyo vimo katika hesabu.

Upo pia ugonjwa wa konzo, uliopewa jina hilo na watu wa Kwango nchini Kongo, unaotokana na kula muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha. Mwaka 1985 ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame. Konzo nayo hupoozesha miguu kwa ghafla, lakini ganzi haiwi dalili yake kuu na kibofu huendelea kufanya kazi, na tofauti hiyo peke yake humwezesha daktari makini kuitenga.

Yapo mazoea ya muda mrefu yanayoiweka lupasi mwisho wa orodha hiyo. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa ugonjwa huu haupo Afrika. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalionekana kwa nadra sana miongoni mwa Wanigeria, akapendekeza kuwa huenda malaria na vimelea vingine vinaishughulisha kinga kiasi cha kuizuia isimgeukie mwenyewe. Miaka miwili baadaye alionyesha kuwa panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi walipungukiwa na makali yake walipoambukizwa malaria. Hoja hiyo haijafutika hadi leo. Lakini sehemu ya uchache huo ilitokana na ukosefu wa vipimo na wa madaktari bingwa wa baridi yabisi, kwani ripoti zilizotolewa baadaye kutoka Nairobi na miji mingine ya Afrika zimeonyesha kwamba wagonjwa wapo, na wengi wao hufika wakiwa wamechelewa.

Kipimo kinachotegemewa ni picha ya MRI ya mgongo mzima, ambayo huonyesha sehemu ya ugwe iliyovimba. Katika lupasi uvimbe huo mara nyingi ni mrefu, ukipita pingili tatu za mgongo au zaidi. Picha hiyo pia hutenga jipu au uvimbe unaoukandamiza ugwe kutoka nje, ambao tiba yake ni upasuaji. Eksirei ya kawaida haiwezi kuuonyesha ugwe. Pamoja na MRI hupimwa maji ya uti wa mgongo, na katika damu hutafutwa kingamwili dhidi ya viini vya seli, dhidi ya fosfolipidi na dhidi ya akwaporini-4. Mkojo nao hupimwa kuona kama unapitisha protini, kwa sababu figo iliyoguswa ni ushahidi wa bei nafuu kwamba lupasi ipo.

Matibabu na hatari zake

Tiba ya kwanza ni steroidi kwa kiwango kikubwa. Kinachotumika mara nyingi ni dawa ya methilipredinisoloni, gramu moja kila siku kwa njia ya dripu, kwa siku tatu hadi tano, kisha vidonge vinavyopunguzwa polepole. Mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2010 na EULAR, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa baridi yabisi, yanashauri steroidi hizo ziunganishwe mapema na siklofosfamidi, dawa inayotumika pia kutibu saratani. Mgonjwa asiyepata nafuu anaweza kusafishwa kingamwili kutoka kwenye damu kwa mashine, au kupewa rituksimabu. Mwenye kingamwili dhidi ya fosfolipidi anaweza kuhitaji pia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hapa ndipo penye mtihani mgumu. Dawa hizi huishusha kinga ya mwili, na mgonjwa ambaye kifua kikuu kimelala ndani yake anaweza kukiamsha. Minyoo aina ya strongiloidi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, inaweza kusambaa mwilini na kuua baada ya steroidi nyingi. Kwa upande mwingine, kusubiri majibu yote ya maabara kwa wiki nzima ni kuuacha ugwe uharibike. Busara ya madaktari wengi ni kuchukua sampuli zote siku ya kwanza, kumpa mgonjwa dawa za kuua bakteria kwa tahadhari iwapo maji ya uti wa mgongo yana mashaka, na kuanza steroidi mara picha inapoonyesha kuwa hakuna jipu linaloukandamiza ugwe. Dawa ya minyoo inaweza kutangulizwa, kwani ni rahisi na madhara yake ni madogo.

Siklofosfamidi ina gharama nyingine ambayo haipaswi kufichwa. Inaweza kuharibu mayai ya uzazi, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri wa mwanamke na jumla ya dozi vinavyoongezeka. Msichana wa miaka 22 ambaye hajazaa ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya dripu ya kwanza, hata kama muda ni mfupi na hata kama ndugu waliomleta wangependa waamue wao.

Miguu ikianza kupata nguvu, wengi hudhani vita imekwisha. EULAR imeonya kwamba nusu ya wagonjwa au zaidi hurudiwa na mielitisi wakati steroidi zinapopunguzwa. Kwa hiyo hupewa dawa nyingine za kutuliza kinga, kama azathioprini au mikofenoleti, kwa miaka. Karibu kila mgonjwa wa lupasi hupewa pia haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo Watanzania waliimeza kwa malaria hadi ilipoondolewa kuwa tiba ya kwanza mwaka 2001, na ambayo wengi wanaikumbuka kwa muwasho wake. Mwaka 2020, dawa hiyo ilipovumishwa kuwa inatibu UVIKO-19, wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi walihangaika kuipata madukani. Tafiti baadaye zilionyesha kuwa haikuwasaidia wagonjwa wa UVIKO-19.

Kuhusu kupona, hesabu inayotumiwa na madaktari kwa mielitisi kwa ujumla ni ya mafungu matatu yaliyokaribiana: theluthi hupona vizuri, theluthi hubaki na ulemavu wa kiasi, na theluthi hubaki na ulemavu mkubwa. Nafuu kubwa huja katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ingawa mabadiliko madogo yanaweza kuendelea kwa miaka miwili.

Katika kipindi hicho, kinachoweza kumuua mgonjwa mara nyingi si ugwe wenyewe. Ni vidonda vya kulalia upande mmoja, damu kuganda kwenye miguu isiyotembea, na maambukizi yanayopanda kutoka kwenye kibofu hadi figo ambazo huenda tayari zimechokozwa na lupasi. Ndugu wanaouguza hufundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kuinyoosha miguu yake ili isikakamae. Mpira wa mkojo unaoachwa ndani kwa miezi huleta maambukizi. Penye uwezekano, mgonjwa hufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba mara nne hadi sita kwa siku, akiwa amenawa mikono kwa sabuni. Wapo wanaorudi kutembea lakini wakaendelea kuuhitaji mpira huo, kwa sababu kibofu, ambacho ndicho mara nyingi hutoa onyo la kwanza, huwa miongoni mwa viungo vinavyochelewa kurudi katika hali yake.